Herufi za Dada Kuei Zilivyochelewa

Chung Yueh-kuei, ambaye yadi nzima ilimwita Dada Kuei, alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja tu: kuyaambia makontena pa kukaa. Lori likifika langoni, pale yadini kwao bandari ya Kaohsiung, mtu wa lango alimsomea namba kwenye redio, herufi nne na tarakimu saba. Yeye alizichapa kwenye dirisha jeusi la kompyuta, akaongeza namba ya safu, akabonyeza Enta, na kreni ikajua la kufanya. Dirisha hilo halikuwa na picha wala vitu vya kubofya. Ni maandishi tu, meupe juu ya weusi. Amri inaingia, jibu linatoka.

Wenzake ofisini walitumia ramani ya rangi, wakaburuta makontena kwa kipanya. Lakini lango lina haraka. Kwenye ramani lori moja huchukua kubofya mara tisa, na nyuma yake yapo mengine kumi yananguruma. Ndiyo maana dirisha jeusi lilibaki kwa Dada Kuei, kwa sababu mikono yake ilikuwa haina mchezo.

Na alikuwa haliangalii. Hilo ndilo wafanyakazi wapya walilolishangaa. Alikaa ameelekea nje, macho kwenye kreni, huku vidole vinakwenda vyenyewe. Kukitokea onyo, kitu kilibadilika kwenye pembe ya jicho lake na mkono ukasimama kabla yeye mwenyewe hajajua kwa nini umesimama. Ndipo alipogeuka akasoma. Lo A-Fa, mtu wa lango, alikuwa anawaambia madereva kwamba huyo dada hachapi, huyo anapika, anaonja kwa harufu.

Mwezi wa tatu akaja meneja mpya, Hsiao Ting-wei, wa miaka thelathini na nne. Hakuwa mtu mbaya. Siku za joto aliwanunulia wote chai ya maziwa, na aliuliza kila mtu anataka sukari kiasi gani. Aliziona kompyuta zao akasema zimezeeka sura, akawawekea vitu vipya, na dirisha jeusi nalo akalibadilisha kwa programu nyingine. La sasa lilikuwa na pembe za mviringo na herufi laini za rangi ya machungwa, na ukitazama vizuri uliiona bandari kwa mbali nyuma ya maandishi, kama mtu anayetazama nje kupitia pazia jepesi. Watu walikuja mezani kwa Dada Kuei kuliangalia. Na yeye alilisifu.

Siku ile ya kwanza hakuna alichokiona. Alihisi tu. Ilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi akidhani zimekwisha, kumbe bado moja, na mguu ukaenda chini zaidi ya alivyoutuma. Alisahihisha mkao wa kiti. Kesho yake akasahihisha tena.

Wiki ya pili akaanza kuangalia skrini. Hapo ndipo alipoona kwamba kidole kinashuka na herufi haipo. Kisha ipo. Si muda mrefu, mtu wa kawaida asingeuona, lakini kidole chake kiliuona. Saa nne asubuhi, malori yakijaa na taarifa za kreni zikimiminika kwenye skrini, ilikuwa mbaya zaidi. Alichapa herufi tano na hakuna hata moja iliyotokea, halafu zikatoka zote kwa pamoja, zinasukumana kama bata wanaofunguliwa bandani.

Mtu mwingine angesema kompyuta hii ina nini. Dada Kuei hakusema, na sababu ilikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa mfunga majani ya tumbaku huko Meinung. Alikuwa na vidole ambavyo wanawake wengine walikuja kuvitazama, maana alifunga fungu huku anaongea na hakuangalia chini. Alipofika miaka hamsini na nne alianza kusema maneno yaliyowachekesha watoto wake. Alisema, mkono wangu siku hizi ninauita, unakuja umechelewa. Walicheka wote, na yeye pia. Baadaye vifungo vya blauzi vikamshinda. Baadaye mwandiko wake ukawa mdogo, kila neno dogo kuliko lililotangulia. Mwisho hakuweza kuinua vijiti vya kulia, na kwa miaka minne Dada Kuei ndiye aliyemlisha uji, kijiko kwa kijiko, akingoja koo limeze.

Kwa hiyo herufi zilipoanza kuchelewa, hakuifikiria kompyuta hata dakika moja. Alifikiri, imebaki kama miaka miwili nifike umri wa mama, nami nimewahi.

Cha ajabu hakuogopa. Angalau hakukisikia kile ambacho watu hukiita woga. Alisikia ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alipanda pikipiki yake akaenda kazini, akarudi. Akanunua sabuni ya kufulia ile ile. Mchana, taa za ofisi zilipozimwa ili watu walale kidogo baada ya kula, alilaza kichwa mezani juu ya mikono kama wengine, ila macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa anavitazama vidole vyake kwa karibu sana mpaka vikapoteza umbo.

A-Fa alikuwa wa kwanza kusema. Alisema kwenye redio, wote wakasikia.

"Dada, lori la kwanza hapa limeanza kuota nyasi."

Akamjibu asubiri.

"Subiri? Miaka yote hii sijakusikia ukisema neno hilo. Umelijifunza wapi?"

Ofisi ikacheka. Haukuwa ubaya, walikuwa wametaniana hivyo tangu A-Fa ana nywele. Kesho yake A-Fa alifika mapema, akabandika pakiti ya kijani nyuma ya kiti cha Dada Kuei. Pakiti hizo zipo juu ya kila mashine kwenye chumba cha seva. Ni vitafunwa vya mahindi ambavyo jina lake ni kama kumwambia mtoto awe mtiifu, na watu huamini kwamba mashine iliyowekewa pakiti hutulia na kufanya kazi. Lazima iwe ya kijani, isiwe imepita tarehe, na hailiwi hata na mwenye njaa. Mashine zote zilikuwa na zao. Siku hiyo na mtu akapewa yake.

Dada Kuei alicheka na wengine. Walipotawanyika aliigeuza pakiti akasoma tarehe. Ilikuwa bado na miezi minane. Akaiacha pale pale inaning'inia.

Sasa, jambo lililoharibu kabisa lilitokea mwezi wa sita, siku ya Ijumaa. Lilikuja kontena la friji lenye ngisi walioganda. Makontena ya namna hiyo huwekwa safu zenye umeme, vinginevyo vilivyomo vinayeyuka. A-Fa alisoma namba, na Dada Kuei akaichapa, lakini kwenye namba ya safu akakosea tarakimu moja. Makosa hayo yalikuwepo tangu zamani, na zamani hayakuwa na neno, maana onyo lilimsimamisha kwanza. Alibonyeza Enta akangoja. Skrini haikuonyesha kitu. Akadhani kidole chake hakikubonyeza vya kutosha, maana ndivyo alivyokuwa akikidhania siku hizo, akakibonyeza tena kwa nguvu.

Kumbe seva, kompyuta kubwa ya yadi, ilikuwa imeshapokea Enta ya kwanza na imeshauliza: safu hii haina umeme, uendelee? Swali lilikuwa bado njiani kuja kwenye macho yake. Enta ya pili ikalijibu. Ndiyo, endelea. Swali na jibu vikatokea pamoja vikifuatana na mistari ishirini ya kreni, vikapanda juu, vikapotea. A-Fa alikuwa ameshaanza kusoma lori linalofuata.

Kontena likakaa juani mpaka Jumamosi mchana. Mlinzi ndiye aliyesikia harufu.

Jumatatu Meneja Hsiao alimwita chumba kidogo cha mikutano, akamvutia kiti, akamwekea maji. Alikuwa amechapisha kumbukumbu za seva kwenye karatasi. Alizungumza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomfanya Dada Kuei aangalie meza. Alimwonyesha kwamba swali lilitoka saa nne na dakika kumi na mbili, na jibu likaja kabla ya nusu sekunde kupita. Akasema hakuna binadamu anayesoma onyo kwa nusu sekunde. Akasema pia ameikagua seva, haina kosa, inapokea na kujibu papo hapo.

"Dada Kuei, sikulaumu. Una shida yoyote? Nyumbani, au kiafya?"

Akasema hapana. Halafu akasema labda mikono.

Meneja akamshauri aende hospitali, na wakati huo huo akampa karatasi ya kuhamia meza ya simu, pale madereva wanapopiga kulalamika. Ataanza tarehe moja mwezi wa nane. Huko hakuna haraka, alisema. Dada Kuei alitia sahihi. Aliutazama mwandiko wake kuona kama herufi za mwisho ni ndogo kuliko za mwanzo. Hakuweza kuamua.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito. Alimwambia agonganishe kidole cha shahada na gumba haraka haraka, mkono wa kulia, wa kushoto. Atembee mpaka mlangoni na kurudi. Aandike sentensi. Akampiga goti kwa nyundo ndogo. Mwishoni akamwambia vidole hivi ni vya msichana, nenda nyumbani ukale vizuri. Ila kwa sababu ya historia ya mama yake arudi baada ya miezi sita, maana ugonjwa huo mwanzoni unaweza kujificha.

Katika maneno yote hayo Dada Kuei alichukua la mwisho. Unaweza kujificha. Alipofika nyumbani alimpigia kaka yake simu, akamwambia akipata mnunuzi wa kipande chake cha shamba amuuzie tu, yeye hatarudi kulima. Kaka aliuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, nimezeeka. Akala tambi akiwa amesimama jikoni.

Yalipobaki majuma mawili ahame, ikafika siku ya kukagua mashine ya tufani. Kila yadi inayo. Ni kompyuta ya akiba, iko ghorofa ya tatu kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa ajili ya siku ambazo upepo unavunja vioo na maji yanaingia ofisi ya chini. Mwaka mzima haiguswi. Kabla msimu haujachachamaa mtu hupanda juu, huiwasha, huchapa amri kumi za majaribio, huzima, hutia sahihi daftari. Mtu huyo siku zote alikuwa Dada Kuei, na hakuna aliyekumbuka kumbadilisha.

Alipanda. Aliifuta vumbi kwa kiganja, akaiwasha. Lile dirisha la zamani likafunguka, jeusi tupu, lenye pembe kali na herufi za kukwaruza. Meneja hakuwahi kufika huku juu.

Akachapa amri ya kwanza, polepole, akiangalia, kama alivyokuwa amezoea. Kidole kikashuka na herufi ilikuwa pale.

Akatoa mkono kama mtu aliyeguswa.

Akachapa nyingine. Ipo. Akachapa neno zima kwa kasi, halafu mstari, halafu namba ya kontena ambayo alikuwa anaikumbuka bila sababu. Kila herufi ilizaliwa chini ya kidole, haikuja kutoka mahali. Akamaliza amri zote kumi. Akaanza tena ya kwanza mpaka ya kumi. Halafu akakaa, mikono mapajani, akausikiliza upepo wa mashine. Haikuwa furaha. Kama ilikuwa furaha basi ilikuwa imekaa chumba cha pili na mlango umefungwa. Alichofikiri ni jambo dogo tu: kwamba ni vidole vile vile, vimepanda ngazi tu.

Hakukurupuka. Mtu aliyeishi miezi minne akiamini jambo haliachi kwa sababu ya dakika kumi. Alisema moyoni labda huku juu ni shwari kwa sababu hakuna kazi. Siku ya pili aliiteremsha mashine ya tufani kwa kitoroli cha kubebea karatasi, akaiunganisha mezani kwake kando ya ile nzuri, akaomba A-Fa aje. Alimwambia ashike simu yake karibu na kibodi mbili na apige video ile ya kwenda taratibu. A-Fa aliuliza kama anataka kurekodi vidole vyake vikiomba kazi ya uigizaji. Lakini alishika.

Dada Kuei aliweka mkono mmoja huku na mwingine kule, akabonyeza herufi ile ile kwa pamoja, saa nne asubuhi, taarifa zikimiminika pande zote mbili. Mara ishirini. Kisha wakakaa na A-Fa wakaitazama video, picha moja baada ya nyingine, wanahesabu kwa sauti. Kwenye dirisha la zamani, toka kidole kifike chini mpaka herufi itokee, zilipita picha tatu. Wakati mwingine nne. Kwenye dirisha zuri walifika thelathini wakaendelea. Hamsini. Kuna mara moja walifika mia na kumi na mbili, na A-Fa alikuwa ameacha utani kuanzia themanini.

"Dada," akasema, "mimi nilikuwekea pakiti wewe."

"Najua."

"Nimekosea mashine."

Akainuka, akaibandua pakiti nyuma ya kiti, akasimama nayo hajui aiweke wapi.

Meneja Hsiao alipoitwa, kwanza alijaribu mwenyewe. Alichapa kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kwenye kibodi, na kwa kasi hiyo hakuona tofauti. Alisema, kwangu naona sawa. Dada Kuei hakubishana. Alimpa simu ya A-Fa. Meneja alihesabu picha hadi mwisho, akarudia, na masikio yake yakawa mekundu. Alikuwa mtu wa kompyuta, alielewa upesi kuliko wao. Alieleza, kama anajieleza mwenyewe, kwamba seva haikuchelewa kamwe, ndiyo maana kumbukumbu zilikuwa safi. Aliyechelewa ni mchoraji. Kila herufi ikifika, dirisha hili linachora upya skrini yote, na bandari ya nyuma, na kivuli, na pembe za mviringo, ndipo linaonyesha. Taarifa zikiwa nyingi linaelemewa. Kwa anayechapa kidogo kidogo haina neno.

"Nililichagua mimi," akasema.

"Lilikuwa zuri kuangalia," Dada Kuei akasema.

"Kwa nini hukusema tangu mwezi wa tatu?"

Hata wanaoburuta ramani walikuwa wameacha kazi wanasikiliza.

"Nilidhani ni mimi. Mama yangu alianza hivi."

Meneja aliinamisha kichwa. Mchana ule ule, wakati wengine wamelaza vichwa mezani na taa zimezimwa, alilitoa dirisha zuri na kurudisha la zamani. Alitembea kwa ncha za vidole asiwaamshe. Karatasi ya kuhamia meza ya simu aliichana mbele ya Dada Kuei na kumwomba radhi, na taarifa ya kosa la ngisi akaiandika upya kwa jina lake mwenyewe. Dada Kuei alisema asante.

Ungesema yameisha. Vidole ni vizima, mashine imepatikana na hatia, kazi imerudi.

Saa nane taa zikawashwa, na lango likafunguliwa. A-Fa akasoma lori la kwanza, kwa sauti ya adabu ambayo haikumfaa. Dada Kuei akachapa herufi ya kwanza. Ilikuwepo. Akasimama. Hakuwa na haja ya kusimama, lakini mkono ulisimama, kama anavyosimama mtu aliyezoea kumngoja mgonjwa ameze. Akachapa ya pili, akaiangalia, akasimama. Lori moja likamchukua muda ule ule wa mwezi wa tano. La pili hivyo hivyo. Kwa miezi minne alikuwa ameifundisha mikono kungoja, na mikono yake siku zote ilikuwa inashika mafunzo. Sasa herufi haikuchelewa tena. Aliyechelewa alikuwa yeye, kweli safari hii.

A-Fa hakusema neno kwenye redio, wala dereva yeyote hakupiga honi. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka.

Baada ya lori la nne aliinama akachukua kifuniko cha boksi la karatasi kilichokuwa chini ya meza. Akakisimamisha mbele ya skrini, kikaifunika yote ila ukingo mwembamba wa upande wa kushoto, pale maonyo yanapoanzia. Meneja, kule kwake, aliona, akamwacha.

Dada Kuei akageuza kiti kuelekea nje. Kreni ya tatu ilikuwa inainua kontena la bluu. Akabonyeza kitufe cha redio.

"Soma."

A-Fa akasoma. Vidole vikasita kwenye herufi ya kwanza, vikangoja kitu, na hakukuwa na kitu cha kungoja wala pa kukiona. Vikachapa ya pili. Ya tatu na ya nne zikaenda pamoja. Tarakimu zikafuata bila mpangilio mzuri, kama mtu anayetembea baada ya ganzi kumtoka mguuni, anauma meno huku anakanyaga. Enta.

"Imeingia?" akauliza, macho bado nje.

"Imeingia, dada. Lori limeshapita."

"Linalofuata."

A-Fa akasoma linalofuata.